Mbona Finland msitu mzima miti mitatu tu?

Toleo lililopita nilichomekea sentensi moja tu, kwamba kadiri unavyoikaribia ikweta ndo aina za mimea zinavyozidi, na ukienda kaskazini au kusini zinapungua. Sentensi moja! Barua zilizokuja zimejaza boksi, wengine wananisifu, wengine wananiambia nimedanganya na ushahidi wameambatanisha. Basi leo mbolea na viwavi vipumzike kidogo, tumalize hili.

Shikamoo Bwana Shamba. Mimi mzaliwa wa Muheza ila saa hizi naendesha basi huku Tampere, Finland, mwaka wa nne sasa. Huku misitu ipo mpaka inachosha, unaendesha masaa matatu pembeni ni miti tu, lakini ni ileile, msonobari, sprusi, betula, alafu unaanza tena. Kwetu nyuma ya nyumba ya bibi tu nilikuwa simalizi kuhesabu. Nikiuliza naambiwa ni baridi. Sawa, lakini mbona hiyo mitatu inanawiri na ni mingi kuliko watu? Na jingine, jirani yangu, mama mtu mzima, ana kaua dirishani anasema asili yake Tanga. Ananitania?

Marahaba mwanangu. Kaua tukaache mwisho.

Wewe umeuliza penyewe kabisa. Baridi inaeleza kwa nini mnazi hauoti Tampere, hilo halina ubishi. Lakini haielezi kwa nini hakuna aina mia tatu za miti zilizojifunza kuishi na baridi, maana kama msonobari umeweza, wengine wamezuiwa na nani? Miti ya asili ya Finland nzima haifiki aina 40. Sasa sikiliza hii: kule Sarawak, Malaysia, kisiwa cha Borneo, kuna sehemu inaitwa Lambir, karibu nyuzi 4 tu kutoka ikweta, wataalamu wamepima hektari 52 wakaupa kila mti namba, hata mwembamba wa unene wa kidole, wakakuta karibu aina 1,200. Hektari 52 mtu unazizunguka asubuhi moja ukarudi kunywa chai. Na hiyo idadi ndo karibu sawa na aina zote za miti za misitu ya kanda ya baridi ya kaskazini ukiunganisha Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, mamilioni ya kilomita za mraba. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilirudi nyuma kuangalia kama wamekosea sifuri.

Sababu ya kwanza nayoiamini ni muda. Miaka kama 20,000 iliyopita hiyo Tampere yako ilikuwa chini ya barafu nene zaidi ya kilomita moja kwenda juu, hapakuwa na mti wala jani. Barafu imeondoka juzi tu, miaka kama 10,000 hivi, kwa mti hiyo si mingi. Kwa hiyo msitu unaouona ni wahamiaji, mbegu zimerudi zenyewe kutoka kusini, kwa upepo na kwa ndege. Na Ulaya ina bahati mbaya nyingine ya ramani: milima ya Alpi imelala mashariki kwenda magharibi, nyuma yake kuna bahari ya Mediterania, sasa barafu ilipokuwa inasukuma miti kusini, mingi iligonga ukuta ikafia hapo. Kwenye visukuku vya Ulaya, yaani mabaki ya mimea ya kale yaliyogeuka mawe, kuna magnolia na jamaa wengine ambao leo hii hawaoti porini huko tena, ila Marekani wapo, kwa sababu milima ya kule imesimama kaskazini kwenda kusini na miti ilipata njia ya kukimbilia na kurudi. Wakati huohuo Usambara yetu ilikuwa inapata mvua na ukungu wa bahari ya Hindi kama kawaida yake, zama zinapita, msitu upo. Duka lililofunguliwa jana haliwezi kuwa na bidhaa sawa na duka la babu.

Sababu ya pili wakulima mnaijua bila kusoma. Ukipanda mahindi juu ya mahindi kila mwaka, wadudu na magonjwa yake yanajaa hapohapo yakikungoja. Sasa chukua mvule mkubwa porini. Chini yake mbegu zinaanguka kwa maelfu, lakini wadudu wa mvule na fangasi wa mvule nao wako hapohapo chini, miche inakufa. Anayepona ni yule aliyebebwa na popo akadondoshwa mbali. Kwa hiyo pale chini ya mvule nafasi anaipata mti mwingine, asiyeogopa hao wadudu, na chini ya huyo naye vilevile, mwisho msitu unakuwa mchanganyiko, hakuna ukoo unaotawala mtaa. Hoja hii aliitoa Mmarekani Daniel Janzen mwaka 1970, mwenzake Joseph Connell naye akaitoa 1971, kila mtu na safari yake. Kule kwako kipupwe kinaua wadudu kila mwaka, fangasi wanalala miezi, hivyo miche ya msonobari inaweza kukulia miguuni pa mama yake na mambo yakaenda.

Na si maneno ya karatasi tu. Mvule wenyewe watu wamejaribu kuupanda kama shamba la mistari, ikashindikana sehemu nyingi Afrika, kuna kadudu kadogo kanafanya majani yavimbe vinundu na kuoza, mche unabaki kijiti. Nimeona kitalu kizima kikienda hivyo, miche tuliyoinyeshea kwa ndoo kiangazi chote. Henry Ford, yule tajiri wa magari wa Marekani, na hela zake zote alipeleka watu Brazil 1928 kupanda mpira kwenye mashamba makubwa, nyumbani kabisa kwa mti wa mpira, ugonjwa wa majani ukaruka mti kwa mti ukamaliza, 1945 yakauzwa. Porini mpira ulikuwa umetawanyika, mmoja hapa mwingine kule, ndo maana ulikuwa mzima. Malaysia ulistawi kwa sababu ule ugonjwa haukuvuka bahari. Halafu Belize watafiti walipulizia dawa ya fangasi kwenye vipande vya msitu, majibu yakatoka 2014: palipopuliziwa, aina za miche zilipungua. Yaani ukiua ugonjwa, unaua na mchanganyiko. Sisi mabwana shamba tuliokaa miaka na bomba la dawa mgongoni hilo linatufanya tukune kichwa.

Zipo sababu nyingine, joto na jua la mwaka mzima, ukubwa wa eneo lenye joto zamani, na kwamba mti usiozoea misimu mikali unajibana kwenye ukanda wake mdogo wa mlima mmoja, basi milima kumi inakuwa na ndugu kumi tofauti. Wataalamu wanazigombania mpaka leo. Mimi ukinibana naegemea muda na maadui, hasa muda.

Assalam alaykum bwana shamba. Miye nipo Maskati, asili yetu Unguja. Kama ikweta ndo mambo yote, mbona Turkana iko karibu na ikweta na ni jangwa? Na huku Oman, Salala iko kusini na ni kijani, sisi tuko juu kidogo tu na ni mawe matupu. Ni latitudo hiyo kweli, huo umbali wa kutoka ikweta?

Wa alaykum salaam. Hapo umenibana vizuri, na jibu ni kwamba latitudo yenyewe haifanyi kazi yoyote, ni namba tu kwenye ramani. Ni kama kusema mtu amezeeka kwa sababu ya kalenda. Kinachofanya kazi ni joto likikutana na maji. Lodwar, mji wa huko Turkana, iko nyuzi 3 tu kutoka ikweta, joto inalo la kugawa, maji hamna, basi hesabu inavunjika hapo.

Salala imebebwa na kharifu. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unasukuma ukungu wa bahari mpaka kwenye milima ya Dhofar, miti inaukamua kwa majani yake ukungu unakuwa matone. Ndo maana Oman nzima ina kama aina 1,200 za mimea na sehemu kubwa ya hizo imejikusanya Dhofar. Mpaka mibuyu ipo huko, upande wa Mirbat, ukipata likizo nenda ukaione utafikiri uko Bagamoyo. Ubani wenyewe lakini haupendi huo ukungu mwingi, unakaa nyuma ya mlima ambako ukungu unaishia, mti wa maringo.

Habari mzee. Niko Cape Town kwa masomo, natoka Nakuru. Huku ni nyuzi 34 kusini, mbali kabisa na ikweta, hakuna hata msitu wa maana, ni vichaka vya kufika kiunoni. Lakini lecturer wetu anasema huku kuna mimea mingi kuliko sehemu kubwa za Afrika ya tropiki. Si unaona theory yako imekufa?

Haijakufa, imeteguka mguu tu. Mwalimu wako yuko sahihi. Hicho kipande cha Cape, kama kilomita za mraba 90,000, hata robo ya Tanzania hakifiki, hata sehemu ya kumi hakifiki, kina karibu aina 9,000 za mimea na karibu asilimia 70 hazioti kwingine kokote duniani. Sasa linganisha: wataalamu wa mimea walianza 1952 kuorodhesha mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, kazi ikaisha 2012, miaka 60, waliouanza wengi hawakuuona mwisho wake, na jumla ilikuwa aina 12,104. Nchi tatu! Eneo karibu mara ishirini ya hiyo Cape yenu.

Erika peke yake, ile jamii ya vichaka ambayo Kilimanjaro unaipita ukishatoka msituni kabla ya kufika kwenye mawe, Cape ina aina zaidi ya 600. Sisi huku tunazihesabu kwa vidole.

Kwa nini? Rudi kwa yule wa Tampere. Cape haikufunikwa na barafu kama Ulaya, hali ya hewa yake imetulia muda mrefu sana, mvua inakuja kipupwe bila kukosa. Juu ya hapo udongo ni duni na unabadilika kila ukivuka bonde, hapa mchanga, pale mfinyanzi, mbele chokaa, kila mmoja na wateja wake, na moto unapita kila baada ya miaka kadhaa unafagia wakubwa, wadogo wanapata zamu. Mbegu nyingine huko hazisafiri mbali, zinabebwa na sisimizi hatua chache tu, hivyo kila mlima unabaki na ukoo wake. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Cape inaunga mkono hoja ya muda na utulivu kuliko inavyoiua, inachoua ni wale wanaosema ni joto tu basi.

Nyongeza kidogo, maana najua utarudi na swali: inategemea pia unapima kwa kipimo gani. Rekodi ya aina nyingi ndani ya mita moja ya mraba haiko Amazon, iko kwenye majani ya malisho ya milimani Argentina, aina 89 ndani ya mita moja! Na Ulaya ya mashariki malisho yanayofyekwa kila mwaka nayo yana rekodi zake za vipande vidogo. Ukipanua mpaka hektari ndo msitu wa mvua unachukua kombe, Ecuador wamehesabu aina 942 za mimea ndani ya hektari moja. Majani madogo yanajipanga wengi kwenye mkeka mmoja, lakini mti wa mita arobaini unataka nafasi.

Jambo Papa. Huku kwetu Ituri, Kongo, tuko karibu sana na ikweta, mvua iko, joto iko, lakini kuko pori ya mti wa mbau unatembea siku nzima ni mbau tu. Wazee wanasema ilikuwa hivyo tangu zamani. Sasa munasemaje?

Jambo Papa, hii barua ndo niliipenda kuliko zote, maana ni kweli na wengi hawaijui.

Mbau amevunja sheria ya mvule niliyoieleza juu. Mbegu yake ni kubwa nzito, haiendi mbali, inaanguka chini ya mama, na badala ya kufa inaota. Mche wake unavumilia giza miaka na miaka, unangoja tu mkubwa aanguke. Mizizi yake imefunga ndoa na fangasi wema wanaoitafutia chakula ardhini, na mche unazaliwa unakuta mtandao wa hao fangasi upo tayari, kama mtoto wa tajiri. Alafu majani yake yakianguka yanaoza polepole, yanatandika zulia nene, mbegu ndogo za miti mingine zinashindwa kugusa udongo. Ukiwa na silaha zote hizo na pori lisisumbuliwe muda mrefu, unatawala. Kwa hiyo wazee wako wamesema sawasawa.

Ila siku moja inama, angalia vya chini. Wapimaji waliohesabu huko Ituri hata vijiti vya unene wa kidole wamekuta chini ya mbau kuna aina nyingi tu zimejificha, mbau ametawala paa, nyumba ina wapangaji.

Mzee, sisi wa Lamu hata ikweta tunaiona kwa jicho, lakini mikoko yetu ni michache ya kuhesabu: mkoko, mkandaa, mchu, msindi, mlilana, mkomafi, kikandaa, basi. Au kuna tusioijua?

Kenya nzima ni aina 9, mmebakiza kidogo, msikundazi mmoja wao. Hiyo ni kazi ya chumvi na tope. Kuishi ndani ya maji ya bahari na mizizi isiyopata hewa ni mtihani, miti iliyofaulu duniani kote haizidi sana sabini. Kwa hiyo joto mnalo na maji mnayo, ila mlangoni kuna askari.

Lakini hata ndani ya mikoko yenyewe sheria ya ikweta ipo. Indonesia wana aina zaidi ya 40. Ukishuka kusini zinaanza kudondoka mmoja mmoja njiani, mpaka kusini kabisa mwa Australia, karibu nyuzi 38, anabaki mmoja peke yake anatetemeka na baridi, na huyo si mwingine ni mchu. Huohuo wa kwenu.

Bwana shamba, kwa hiyo ukiwa na mimea ya aina nyingi maana yake udongo wetu ndo bora zaidi duniani? (Mwanza)

Hapana. Misitu mingine yenye aina nyingi sana imekaa juu ya udongo maskini, chakula kiko kwenye miti yenyewe na kwenye majani yanayooza, ukifyeka ukachoma unavuna misimu miwili mitatu alafu unalia. Usinunue shamba kwa kuhesabu miti.

Afrika ndo ya kwanza kwa mimea, si ndio? Tunabishana kijiweni, tafadhali jibu fupi.

Sio. Amerika Kusini ndo wa kwanza, na kwa miti ya msitu wa mvua hata Asia ya kusini-mashariki inatuzidi. Angalia jamii ya minazi na michikichi: Afrika bara ukijumlisha mkoche, mvumo, mchikichi, mkindu na wenzao hazifiki hata 80, Madagaska peke yake ina kama 200. Bara letu lilipitia vipindi vikavu sana huko nyuma, msitu ukasinyaa ukabaki vipande, wengi wakapotea humo. Aliyeweka dau soda atoe.

Sasa kaua ka Tampere. Mwanangu, jirani yako hakutanii. Kama kana majani ya manyoya kama kitambaa cha velveti na maua ya zambarau yenye kitovu cha njano, hako ni ka kwenu kabisa, Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani, mwaka uliofuata kakapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa heshima yake, na Wajerumani mpaka leo wanakaita zambarau la Usambara kwa lugha yao. Leo kako madirishani dunia nzima, wakati porini ndugu zake wengine wamebaki kwenye mwamba mmoja au miwili tu, mti wa kivuli ukikatwa juu yao wamekwisha.

Porini kanaota kwenye mawe yenye kivuli karibu na vijito, ndo maana dirisha la Finland kanaliweza, mwanga hafifu hakaogopi. Mwambie mama huyo asikamwagie maji juu ya majani, hasa maji baridi ya bomba, yataweka mabaka. Aweke maji vuguvugu kwenye kisahani chini ya chungu, kanywe kenyewe nusu saa, yaliyobaki amwage. Na kakigoma kutoa maua asogeze dirisha la mashariki.